Uso wa Idi katika Wodi ya Watoto

Jumatatu, 6 Aprili 1987

Vinyesi kumi na viwili asubuhi. Minyoo kama kawaida, hasa kwa watoto wa upande wa Ruring'u. Formalini, kisha etha, kisha mashine ya kuzungusha. Kichwa kiliuma kwa harufu. Tangu mimba hii siiwezi etha, lakini mwenzangu wa maabara yuko likizo na vinyesi havingoji mtu.

Saa tano nikaitwa wodi ya watoto kuchukua damu. Kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Msichana wa miezi mitano, mama yake amempakata. Nikashika mkono kutafuta mshipa.

Ulikuwa mkono wa Idi.

Sisemi ulifanana. Kutoka bega hadi kiwiko ulikuwa mfupi, vidole vyangu vitatu tu. Kiwiko hakinyooki. Ngozi kavu, ya magamba. Nilimwosha mwanangu mwenyewe siku tuliyomzika na mkono huo naujua hata nikifumba macho. Ndipo nikatazama uso. Paji pana. Pua iliyolala. Weupe katikati ya macho yote mawili. Idi yuko kaburini mwaka wa tatu sasa, na leo alikuwa mapajani mwa mwanamke nisiyemjua.

Damu niliichukua vizuri. Nilitapika baadaye, nikasingizia etha.

Jumanne, 7 Aprili

Sijamwambia mume wangu, Twaha. Amedamkia Karatina na lori kununua maharagwe, leo siku ya soko. Alinitania mlangoni: "Bi Hadubini, leo mbona hunikagui?" Nikacheka kwa lazima.

Idi aliishi miezi kumi na mmoja. Hakuwahi kukaa. Hakuwahi kuniona vizuri. Madaktari wa wakati ule waliandika mifupa, wakaandika macho, wakaandika kifafa, kila kitu kwa karatasi yake, na hakuna aliyeziweka pamoja. Hapa Majengo walisema kijicho. Mama mkwe alileta kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, nikamnywesha mtoto. Sijutii kombe. Najuta kwamba siku mbili kabla hajafa nilimwomba Mungu anipumzishe. Akanipumzisha.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimetafuta sababu ya kurudi wodini. Nikasema damu iliganda, nataka nyingine. Uongo mtupu.

Mama anaitwa Wambui. Anauza maharagwe soko la Karatina. Mtoto ni Wangui, kifungua mimba. Nikauliza kama mtu anayepitisha wakati: hilo ni jina la nani? La mama yake Wambui, alinijibu, na akageukia dirisha.

Mimi ni mzaliwa wa Nyeri. Desturi za Wakikuyu nazijua kama za kwetu Majengo. Msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba. Hilo halina mjadala, hata mlevi halikosei. Mtoto wa kwanza akichukua jina la upande wa mama, basi hakuna baba aliyejitokeza. Mwanamume yupo, lakini amejificha.

Karatina. Maharagwe. Uso wa mwanangu.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Sikutoka.

Nimehesabu miezi kwa vidole. Wangui alizaliwa Novemba. Basi ni Februari ya mwaka jana. Februari ile lori liliharibika Sagana na Twaha akakaa siku nne. Alisema gia. Niliamini gia.

Namtazama akila. Anatafuna polepole, mkono wa kushoto juu ya goti, vile vile kwa miaka tisa. Mwongo hutafunaje? Sijui. Namwogopa mtu niliyempikia mwenyewe.

Alhamisi, 16 Aprili

Leo nilibeba picha ya Idi kazini, ndani ya koti jeupe. Ile ya studio, ana miezi sita, amekalishwa kwa mito na amevaa kanzu aliyoshonewa na baba yangu. Nilitaka kujionyesha kwamba nina wazimu, basi, yaishe.

Wangui alikuwa amelala. Sikumwona mama yake. Niliinama, nikaiweka picha kando ya kichwa cha mtoto. Sikusikia mtu akija nyuma yangu.

"Huyu ni Wangui," Wambui alisema. "Ulipiga yeye picha lini?"

Akaichukua, akaisogeza machoni. "Na hii nguo si yake. Nani alivalisha yeye hii nguo?" Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda.

Mama mzazi. Ameshindwa kumtofautisha mwanawe na marehemu. Nilimpokonya picha nikatoka mbio kama mwizi.

Nilijifungia chooni. Huko huko ndiko mtoto wa tumboni alikocheza kwa mara ya kwanza. Sikufurahi. Nilimwambia kwa sauti: usije na uso huo.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimesema.

Alirudi kutoka Karatina kabla ya alasiri. Nikamuuliza, unamjua Wambui wa maharagwe? "Namjua," alisema. "Nanunua kwake." Alisema kwa wepesi, na wepesi huo ndio ulioniwasha. Nikamwaga yote. Nilimwita majina nisiyoyaandika hapa. Nikamwambia mwanao yuko wodi ya watoto, kitanda cha mwisho, nenda kamtazame.

Hakufoka. Aliuliza jambo moja tu, kama Wangui amelazwa. Nikasema ndiyo. Akakaa chini kwenye saruji, mtu mzima na ndevu zake, akalia. Hakulia kama mtu aliyefumaniwa. Sikukielewa kilio hicho na nilikichukia.

Amechukua shuka mbili, amekwenda kwa kaka yake Ruring'u.

Jumatano, 22 Aprili

Daktari Nderitu aliniita. Ni daktari wetu wa watoto, alirudi kutoka masomoni ng'ambo mwaka juzi. Mpole, viatu vyake vinalia akitembea. Nilijua nimeshtakiwa. Kumbe Wambui alimwambia tu kwamba mama wa maabara ana picha ya mtoto wake, na mtoto hajawahi kupigwa picha.

Aliomba kuiona. Aliitazama muda mrefu. Kisha akafungua kitabu kinene cha udaktari na kukigeuza upande wangu.

Mtoto wa Kizungu. Nywele kama za hindi bichi. Paji lile. Pua ile. Mikono ile mifupi imekunjwa kifuani. Akafungua ukurasa wa pili: mwingine, Mhindi labda. Uso ule ule. Idi wa Ulaya, Idi wa Bara Hindi. Nilihisi kama mtu aliyeingia chumba kigeni akakuta watu wote wanamjua.

"Mama Idi, hawa hawana undugu," alisema. "Ni ugonjwa umewapa uso mmoja."

Akaweka eksirei ya Wangui dirishani. Kwenye kila kiungo vidoa vidogo vidogo, kama mtu aliyemwaga ufuta.

Naandika maelezo yake kabla sijasahau. Kila seli ina utando wa mafuta. Baadhi ya mafuta hayo yameshikwa kwa kiungo cha etha. Si ile etha yangu ya chupa, ni namna tu molekuli ilivyofungwa. Ubongo umejaa mafuta hayo, na moyo. Mimi chuoni nilifundishwa kwamba mafuta ya seli ni ukuta. Yeye anasema ni ukuta unaosema. Seli hutoa kipande cha mafuta hayo na jirani yake hupokea habari. Kuna aina moja, kidogo tu, huamuru vichembe vya damu vishikane. Ikizidi, kifua hubana kama cha mtu wa pumu. Watoto hawa hawawezi kuyatengeneza. Ndani ya seli kuna kama kiwanda kidogo, na chao hakifanyi kazi. Mfupa haurefuki, jicho linapata ukungu, ubongo haukui. Kwa nini hasa iwe hivyo, amesema, bado wenyewe wanatafuta.

Nikauliza juu ya baba. Akasema kasoro hutoka pande zote mbili. Baba mzima, mama mzima, kila mmoja amebeba nusu yake bila habari. Mume na mke wakiwa na undugu, ni rahisi zaidi nusu hizo kukutana.

Bibi yangu na bibi yake Twaha walikuwa dada.

Kila mimba, alisema, ina nafasi moja katika nne ya kuwa mbaya. Halafu akaona tumbo langu na akaanza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Alhamisi, 23 Aprili

Twaha hana kosa. Ningependelea angekuwa mzinzi. Mzinzi ningemwacha, ningerudi kwa baba na sanduku langu. Damu yangu mwenyewe nitaiacha wapi?

Jumatatu, 27 Aprili

Nimemwomba Wambui msamaha. Nilimweleza Idi ni nani. Sikumweleza nilivyomdhania, lakini si mjinga. Alinitazama tumbo, halafu uso, akaguna.

Ana mume. Anakuja kila Jumapili, na mimi Jumapili siko kazini. Kuhusu jina alisema hivi:

"Mama ya bwana yangu alikuja kuona mtoto. Akafungua shuka, akafunga. Akasema hawezi peana jina yake kwa hii kitu, ati jina yake itakufa. Sasa mama yangu akasema, peana yangu. Mimi ni mzee, haitaniuma."

Hiyo ndiyo desturi niliyojigamba kuijua. Nilimvika mwanamke huyu uhuni kwa sababu ya jina ambalo bibi mmoja alinyima na mwingine akatoa.

Tukakaa. Akaniuliza kama Idi alikuwa analia sana. Sana, nikasema. Kama alikuwa anakataa titi kwa kuchoka. Ndiyo. Kama shingo ilikuwa inanuka maziwa siku zote hata ukimwosha. Ndiyo, ndiyo. Tulicheka. Nesi alitugeukia kwa mshangao.

Jumamosi, 2 Mei

Damu ya Wangui imeondoka. Daktari ana rafiki anayesafiri kesho kwenda huko alikosomea, ataibeba mkononi. Nilizungusha, nikaosha chembe nyekundu mara tatu, nikafunga tyubu ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Kabla ya hapo niliweka tone moja chini ya hadubini. Chembe za duara, nzuri, hazina lawama. Hakuna kilichopungua hata kimoja. Miaka kumi na mbili naiamini hadubini, na leo imenitazama kama kiziwi.

Ramadhani imeingia wiki hii. Jua lilipotua Twaha alikuwa mlangoni na mfuko wa tende. Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Akasema hakuja kuzoa maji, amekuja kufuturu.

Baada ya uji akaniambia. Januari, sokoni, Wambui alimfunua mtoto kumbadilisha nepi, na Twaha akamwona Idi. Hakuniambia, nisije nikaumia. Tangu siku ile hanunui maharagwe kwa mtu mwingine. Hata yakiwa na fukusi ananunua. Anasimama pale, anapatana bei na mama, na anamtazama mtoto. Mwezi wa tatu kibanda kikawa kitupu na hakujua alikokwenda, mpaka mimi nilipomtamkia kitanda na wodi.

Nililia mpaka sahani zikakauka bila kuoshwa.

Jumanne, 16 Juni

Wangui amerudishwa nyumbani. Hospitali haina zaidi ya kumfanyia. Majibu bado.

Daktari anasema miezi ikisogea, tunaweza kupiga eksirei tumbo langu, tuone mifupa. Twaha anataka. Mimi sitaki. Nikijua, nitafanya nini? Nitamzaa mara mbili? Tumegombana, ugomvi wa kawaida wa watu waliofunga ndoa, karibu niufurahie.

Lakini mchana nikiwa peke yangu maabara nakandamiza tumbo, natafuta bega, natafuta kiwiko, kujaribu kupima kwa vidole vitatu. Ananisukuma. Siwezi kujua kama ni mkono au kisigino.

Kuna asubuhi naamka na hakika kabisa kwamba aliye humu ni Idi. Amechoka kulala peke yake, anarudi. Wakikuyu husema waliokufa hurudi kwa wajukuu. Sisi hatusemi hivyo. Mimi siku hizi sijui nasema nini.

Ijumaa, 17 Julai

Baridi ya Julai. Ukungu umeushika mji tangu Jumatatu, mlima hatujauona wiki mbili. Watu wanatokea ghafla mbele yako barabarani, uso kwanza.

Barua imefika. Katika chembe za damu za Wangui mafuta yale karibu hayapo kabisa. Daktari alifurahi kuwa alibahatisha ugonjwa sawasawa, kisha akaona aibu, akavua miwani. Dawa hakuna.

Wambui alikuja kliniki na mtoto mgongoni. Daktari alimweleza kwa Kikuyu, halafu Wambui akanifuata maabara kuuliza tena kwangu. Nikamwambia si laana. Si kinywa cha mtu. Si kitu alichokula. Ni mafuta fulani ya mwili ambayo mtoto hakuweza kuyatengeneza, kwa sababu baba na mama kila mmoja alimpa nusu ya kasoro.

"Kwa hivyo ni mimi?"

"Wewe na bwana yako. Kama mimi na wangu."

"Afadhali ingekuwa mchawi," alisema. "Mchawi unaweza kuhama."

Wangui ameongezeka kidogo tu. Nilimgusa shavu. Aligeuza uso kufuata mkono, nami nikauacha mkono hapo.

Jumatano, 9 Septemba

Nimejifungua Jumapili, saa nne asubuhi. Mvulana. Mkunga alimweka kifuani na kabla hajamfuta nilishika mkono. Nikaunyoosha. Ukanyooka. Ukaendelea kunyooka. Nikashika wa pili. Nikashika mapaja. Macho meusi, safi, yakafinya kwa mwanga.

Twaha alimwadhinia sikioni na sauti ikamkatika katikati, akarudia.

Mzima. Kila mtu anasema mzima. Daktari Nderitu alikuja na viatu vyake, akampima kila mahali, akasema hana kitu, akaninunulia soda.

Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma. Namnyonyesha na namtazama na sioni mtu. Ni mtoto mzuri wa jirani. Usiku na mchana nimeomba asije na uso ule. Hakuja nao. Sasa hauko popote nyumbani kwangu.

Ijumaa, 25 Septemba

Ni Rashidi. Ananyonya, analala, anakua. Majirani wananipongeza. Najibu vizuri. Mama mkwe amegundua, anampakata yeye zaidi na haniulizi kitu. Twaha akirudi kutoka Karatina simuulizi kama amemwona. Yeye naye hasemi. Lakini maharagwe yanaingia, magunia na magunia, jikoni hakuna pa kukanyaga.

Alhamisi, 22 Oktoba

Arobaini imepita. Leo nilimwambia Twaha anipeleke. Hakuuliza wapi.

Soko lilikuwa limejaa. Wambui alikuwa nyuma ya magunia yake, juu ya kigoda, Wangui mapajani. Miezi kumi na mmoja sasa. Mwepesi, mdogo kuliko Rashidi wangu wa wiki sita. Anapumua kwa kazi. Twaha alisalimia, akasema anakwenda kuangalia tairi. Tairi halina kitu.

Nilisimama tu, nikamtazama yule mtoto, na najua nilivyomtazama, kwa sababu Wambui aliacha kuchambua maharagwe.

"Shika yeye," alisema. "Wewe nipatie huyo."

Nikampa Rashidi. Nikampokea Wangui, nikakaa juu ya gunia. Kichwa chake kiliingia kwenye kiwiko changu bila kutafuta mahali. Nikainamisha uso. Shingo ilinuka maziwa.

Wambui alimlaza mwanangu magotini. Alimshika mkono mmoja, akaunyoosha polepole mpaka mwisho, akauacha urudi. Akanyoosha wa pili. Akarudia. Alikuwa anafanya taratibu, mtu akinunua kitambaa hufanya hivyo.

Mteja alikuja kuuliza bei, mwanamke wa jirani akamjibu kwa niaba yetu. Manyunyu yakaanza na huyo huyo jirani akafunika maharagwe kwa turubai. Twaha alikuja mara moja, akatuona, akarudi kwenye lori lake. Watu walikuwa wanafunga mizigo na bado hakuna kati yetu aliyekuwa ameomba mtoto wake.